Masikio Tuliyoyagusa Siku ya Ubatizo



Wiki hii, tukizitembelea familia za jumuiya ndogo ndogo hapa Karatu, tulimkuta mama kijana akimwogesha mtoto wa miezi mitatu. Mikono yake ilikuwa na upole mwingi, lakini hakutamka neno. Tulipomuuliza kwa nini hamsemeshi, alishangaa: “Baba Paroko, huyu ataelewa nini?”

Jibu hilo tumelisikia mara nyingi, nasi hatukubaliani nalo. Mtoto huanza kuisikia sauti ya mama yake angali tumboni, na akizaliwa huitambua. Anapotoa kisauti naye akajibiwa, tayari anajifunza kuzungumza. Ndiyo maana programu ya taifa ya malezi ya awali, iliyozinduliwa mwaka 2021, imeweka malezi yenye mwitikio pamoja na afya, lishe, usalama na ujifunzaji wa awali.

Nasi Wakanisa tusishangae. Katika ibada ya Efatha wakati wa Ubatizo, padre hugusa masikio na kinywa cha mtoto mchanga, akimwomba Bwana amjalie kulisikia Neno lake na kuiungama imani. Ni nani atakayeyajaza masikio hayo tukisharudi nyumbani? Mtoto asiyesemeshwa na wazazi wake atajuaje kwamba Mungu naye husema na watu wake?

Tunajua uchovu wa mama aliyeshinda kwenye vitunguu vya Mang'ola, au aliyefuata maji mbali huko Ngorongoro. Hatumdai saa ya ziada. Anaponyonyesha, anapombadilisha nepi, anapomfunga mgongoni, aseme: “Sasa tunavaa, nje kuna baridi.” Kisha anyamaze kidogo, amtazame, angoje jibu. Nanyi akina baba, hiyo si kazi ya wanawake peke yao. Simu iwekwe kando, mtoto apakatwe.

Wala msione haya kwa lugha zenu. Kiiraqw, Kidatoga, Kimaasai, Kihadza: mtoto na asemeshwe kwa lugha ambayo moyo wa mzazi huisema bila kujikaza. Kiswahili hakitamkimbia, atakipata sokoni, shuleni na kanisani.

Jioni ya leo, kabla mtoto hajalala, mwekeeni ishara ya msalaba katika paji la uso, mkimwita kwa jina lake la Ubatizo. Hayo nayo ni mazungumzo, na ni katekesi yake ya kwanza.

Tunawatakia Dominika njema.