Kocha Steve Kerr na Methali ya Samaki Mmoja

Mpira wa kikapu si mchezo wetu sana huku pwani. Sisi ni watu wa kandanda na bao. Hata hivyo, pana kocha mmoja wa mchezo huo huko Marekani ambaye habari zake zatuhusu sisi Waislamu kuliko wengi wanavyodhani. Jina lake ni Steve Kerr.

Kerr alizaliwa Beirut, Lebanon, mwaka 1965. Baba yake, Malcolm Kerr, naye mzaliwa wa mji huo huo, alikuwa mtaalamu wa siasa za Waarabu. Mwaka 1982 akashika uongozi wa Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Beirut, wakati ambapo nchi ilikuwa ikiungua kwa vita. Tarehe 18 Januari 1984 alipigwa risasi akafa, karibu na mlango wa ofisi yake. Waliodai kuhusika walijiita kwa jina la jihadi.

Kijana alikuwa na miaka 18, mwanafunzi huko Arizona. Siku mbili baadaye aliingia uwanjani kucheza. Na mwaka 1988 baadhi ya mashabiki wa timu pinzani walimzomea, wakimwambia arudi Beirut. Msiba wa mtu ukafanywa mzaha wa uwanjani!

Kama mchezaji hakuwa na kimo wala mbio za kutisha. Lakini alikuwa na shabaha. Alipostaafu mwaka 2003, asilimia 45.4 ya mitupo yake ya pointi tatu ilikuwa imeingia kikapuni, na hapakuwa na mchezaji wa NBA aliyemzidi kwa kiwango hicho. Alitwaa ubingwa mara 5: mara 3 na Chicago Bulls, pamoja na Michael Jordan, na mara 2 na San Antonio Spurs. Mwaka 2014 akawa kocha wa Golden State Warriors, akaipa ubingwa miaka ya 2015, 2017, 2018 na 2022. Mwaka 2024, jijini Paris, aliiongoza timu ya Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Hizo ndizo sifa za uwanjani. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Januari 2017 Rais Trump alitoa amri ya kuwazuia kuingia Marekani watu wa nchi 7 zenye Waislamu wengi, zikiwemo Somalia na Yemen. Kerr aliulizwa maoni yake. Waama, kama pana Mmarekani ambaye angesamehewa kwa kuiunga mkono amri ile, ni yeye. Badala yake aliipinga waziwazi, akasema kwamba yeye ni mtu aliyempoteza baba kwa mikono ya magaidi, na kwamba ugaidi haushindwi kwa kuwafukuza watu na kuzidisha hofu.

Sisi husema samaki mmoja akioza, huoza wote. Ni kweli kwa mvuvi mwenye tenga lake. Lakini binadamu si samaki, na chuoni tulifunzwa mapema kwamba dhambi ya mtu haiandikwi kwa jirani yake. Mwanamume huyu wa Marekani, mwenye kila sababu ya kuishika methali ile, aliitupa.

Simpambi kupita kiasi. Oktoba 2019, ulipozuka mzozo baina ya NBA na China juu ya maandamano ya Hong Kong, kocha huyu msemaji aliulizwa, akajibu kwamba hana la kusema. Wengi walimlaumu, na lawama ile ilikuwa na haki, kwa kuwa biashara ya ligi hiyo huko China ni kubwa. Ulimi ulio mwepesi nyumbani ukawa mzito penye soko. Hata hivyo, kunyamaza kwake huko hakubatilishi kweli aliyoisema awali.

Na kweli ile bado yahitajika. Amri ya 2017 ilifutwa mwaka 2021, lakini Juni 2025 Trump alitoa nyingine ya nchi 12, na Somalia na Yemen zimo tena. Ndugu msomaji, hao ni jamaa zetu wa Barawa na Hadhramaut.

Lakini tusiitazame Marekani peke yake. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi humu nchini, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako jijini Nairobi, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Uwanja wa michezo ukageuzwa tenga la samaki. Nasi wenyewe tuna mabaraza ambayo mgeni wa bara mmoja akiiba, kabila lake zima huitwa wezi.

Kumwonea huruma mtu wa kwetu ni jambo jepesi. Kupimwa kwa mtu ni pale anapoumizwa na mmoja, kisha akawaacha salama wengine elfu wasiohusika.