Bundi wa Ahero hahitaji theluji

Mwandishi, umetueleza bundi anavyowinda kwenye theluji; theluji yenyewe wengi wetu huku Kisumu tumeiona kwenye friji tu, lakini kazi ya bundi tunaijua. Nenda mashamba ya mpunga ya Ahero usiku. Panya yuko chini ya majani, hata tochi haimfikii, na bundi yule wa uso mweupe anamnyakua. Anamsikia! Masikio yake hayako usawa mmoja: moja liko juu kidogo ya lingine, kwa hiyo mchakacho huyafikia kwa tofauti ndogo, naye hapo hapo anajua panya yuko wapi. Roger Payne, Mmarekani yule aliyekuja kuvuma kwa nyimbo za nyangumi, alimjaribu ndege huyu katika chumba chenye giza totoro; panya hakupona. Mabawa nayo hayavumi, kingo za manyoya ni laini kama nyuzi.

Sisi Waluo tukisikia tula, yaani bundi, akilia juu ya paa tunasema msiba umekuja, tunampopoa mawe. Asubuhi tunakwenda dukani kununua sumu ya panya, na bundi akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa. Ndugu zangu wa huku Kano, mwacheni alie.