Kabla Hujasema "Wageni Wametuhamisha"

Kijana wa Manga.

Umeisikia hapo steji ya boda: "Wageni wamejaa, ndio maana sisi tunahama." Ngoja kwanza. Ni nani hasa anakuhamisha?

Angalia shamba la babu. Aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wao, na leo fungu lako halitoshi migomba na ng'ombe mmoja. Hapo mgeni hahusiki. Ndiyo maana miaka ya 60 wazee wetu walienda kwenye skimu za Borabu, wengine wakaenda kuchuma chai Kericho, wengine Nairobi na Mombasa. Siku hizi tuko hadi Minnesota. Kote huko, mgeni ni sisi.

Na tunajua neno hilo huishia wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wetu walifukuzwa Kericho, na mpakani mwa Sotik na Borabu nyumba zikachomwa. Walirudi Kisii na Nyamira mikono mitupu.

Sikatai, watu wakiongezeka mjini na nyumba ni chache, kodi hupanda. Mwenye kibarua anasukumwa mbali na kazi yake. Hiyo ni shida ya kweli. Lakini kodi hapandishi mpangaji mwenzako. Dai nyumba za bei nafuu, dai mshahara usiopungua kiwango cha sheria. Kumuuliza jirani "kwenu wapi?" hakutakupunguzia hata shilingi.

Sisi Waislamu wachache wa huku tunalijua swali hilo. Wanubi wa Kisii, ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, wamezaliwa hapa kizazi baada ya kizazi, na bado wamesumbuliwa wakitafuta kitambulisho. Katiba, Kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Haki hiyo ni yao, ni yako ukiwa Kericho, na ni ya huyo aliyekuja Manga.

Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina, mwenyeji wake, Saad bin Rabii, alijitolea kumpa nusu ya mali yake, lakini hakuichukua. Akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Hakutaka zaidi ya nafasi ya kufanya kazi.

Kwa hivyo siku steji yenu itakapokaa kumzuia kijana wa nje asiegeshe pikipiki yake, usinyamaze. Inua mkono useme hapana.

Wabillahi tawfiq.