WAZEE WETU WA VITA WANADAI, HAWAOMBI

Ndugu wachimbaji, na ninyi wenyeji wa miji ya Masisi na Walikale, leo twataka kusema habari za watu mnaowaona kila siku lakini serikali haiwaoni. Ni wazee waliopigana vita. Mmoja analinda ghala la mawe usiku kucha kwa sahani ya ugali. Mwingine anaosha mchanga mtoni pamoja na watoto walio sawa na wajukuu zake, na risasi bado imo pajani. Tukiwapita, twawaita "mzee komando" na kucheka. Haifai.

Jambo hili ni la zamani. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka kaskazini ya Ziwa Kivu yaliingia Kigali, na tarehe 19 Septemba mji wa Tabora ukashikwa. Majina ya wakubwa yaliandikwa vitabuni. Wapagazi waliobeba risasi na unga hawakuandikwa. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walikwenda mpaka Abisinia, wakapigana Asosa na Gambela, na kule Saio Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri. Waliobaki nyumbani nao walilipa vita: mwaka 1942 siku za kazi ya shuruti zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mwaka 1944 watu wa Lubutu na Masisi walichoka, wakaasi chini ya Bushiri, na uasi huo ukazimwa kwa nguvu. Na shukrani ilikuja lini? Mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipomvika nishani Koplo Albert Kunyuku mjini Kinshasa. Mzee alikuwa na miaka 100. Hatuichukii nishani ile. Lakini mwenye deni anayengoja mpaka wadai wote wafe abaki mmoja, huyo anajua hesabu.

Wabelgiji walikwenda mwaka 1960, desturi yao ikabaki. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati vita vilipowaka kwenye soko la Ntoto, Machi 1993, leo amepita 50. Baada ya hapo amepitia vita vya 1996, vya 1998, na vyote vilivyofuata. Kila mara aliitwa mwana wa nchi. Bunduki ilipowekwa chini, aliitwa mzigo.

Wizara yetu ya ulinzi inabeba jina la askari wa zamani: Défense nationale et Anciens combattants. Jina ni zuri. Iko pia sheria ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya askari. Twauliza tu: ni mzee gani wa Nyabiondo au wa Mubi aliyeona faida ya jina hilo? Mipango ya kuwarudisha wapiganaji uraiani nayo imefuatana, toka CONADER mpaka ile ya mwaka 2021, na kila mmoja ulianza kwa kuhesabu bunduki. Bunduki zilihesabiwa. Miguu iliyokatwa, je?

Msidhani twasema kila aliyeshika bunduki ni shujaa. Ninyi mnajua kuliko sisi. Wako waliotoza kodi mlangoni mwa shimo, waliopora ng'ombe, walioua majirani. Hao wana mahakama. Lakini askari aliyetumwa na nchi akarudi kilema, na mjane wake, hao wana haki, awe Muhunde, awe Munyanga, awe Mtembo, Muhutu au Mtutsi. Anayetaka kupanga wajane kwa kabila atafute gazeti jingine.

Na jambo hili lina hatari yake. Kijana anayemwona baba yake, askari wa miaka 30, akiomba chumvi kwa jirani, hatakwenda kuitumikia nchi. Atakwenda kwa yeyote anayelipa leo, na wanaolipa leo hawakosekani karibu na mashimo ya Rubaya na Bisie.

Mwezi wa Januari 2025 vita vilipofika Masisi-centre na Goma, benki zilifunga milango. Mwezi wa Machi vikaingia Walikale-centre. Mtu aliyekimbia usiku akiwa na mtoto mgongoni hakubeba karatasi za jeshi. Basi asiambiwe, "Lete karatasi." Ushuhuda wa wenzake wawili waliotumika naye utoshe. Wala asiambiwe asafiri kufuata benki. Mnunuzi wa mawe anajua kumlipa mchimbaji kwa simu; serikali inashindwa nini?

Sisi wenyewe tuanze kazi yetu. Kwenye kila shimo na kila mtaa wachaguliwe watu watatu waaminifu, mmoja wao mwanamke, waandike majina: nani, alitumika wapi, mwaka gani, aliumia nini. Daftari ziwe mbili, moja ibaki kwetu, maana twajua habari za karatasi zinazopotea ofisini. Wenye likelemba watoe kidogo kwa ajili ya dawa. Siku ya salongo vijana wapande kuezeka nyumba ya mzee asiye na mtoto. Msaada huo usihesabiwe kama malipo. Deni la serikali libaki lilivyo.

Uandishi uanze na wajane. Wengi wao hawana hata picha ya mume akiwa amevaa sare.