Mtoto akirudi kongamano na kusema anataka kujitolea

Oktoba ni mwezi wa kimisionari, na parokia na majimbo mengi hukusanya vijana. Hupanda mabasi na sare zao na ngoma zao, hukaa siku mbili tatu, husikiliza shuhuda za mapadri, masista na walei waliotumikia mbali na kwao. Wengi hurudi wamechoka, sauti zimekauka kwa kuimba. Lakini mmoja mmoja hurudi na neno linalomfanya mzazi aache kutafuna: "Mama, nataka nikajitolee misioni mwaka mmoja."

Kwa mzazi aliyehangaikia ada mpaka chuo, neno hilo ni zito. Alitegemea kijana apate kazi, awashike mkono wadogo zake. Wapo wanaojibu papo hapo, "Utakula kujitolea?" Wapo pia ambao, kwa kuwa ni jambo la Kanisa, huona aibu kuuliza, wanabariki na kutoa nauli. Wote wawili wana kasoro moja: hawajauliza.

Nianze na anayeona ni kupoteza muda. Kazi ya misioni haijawahi kubebwa na mapadri peke yao. Pauline Jaricot wa Lyon, Ufaransa, alikuwa mlei, binti wa mfanyabiashara wa hariri. Aliwapanga wafanyakazi wa viwandani katika vikundi vya watu kumi kumi. Kila mmoja alisali na kutoa sarafu ndogo kila wiki kwa ajili ya misioni. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1822 likazaliwa Shirika la Uenezaji wa Imani, yeye akiwa na miaka 22 tu. Alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2022.

Na Utoto Mtakatifu, ambao watoto wetu wengi wamelelewa humo, ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, uliponunua ile sare, ulikuwa unapanda mbegu. Usishangae ikiota.

Sasa nije kwa anayebariki bila kuuliza. Jina la Kanisa halimwondolei mzazi wajibu wa kujua mtoto wake analala wapi. Kabla hajafunga begi, pata majibu ya mambo haya kutoka kwa wanaompeleka:

Nani anampeleka? Kuwe na barua ya parokia, jimbo au shirika, yenye jina la msimamizi na namba yake. Ipige mwenyewe.

Atafanya kazi gani, na mpaka lini? Kujitolea kusikokuwa na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa kazi isiyo na mshahara.

Atalala wapi, atakula nini, akiugua nani atalipa? Kama bima ya afya haipo, mjue mapema mzigo ni wa nani.

Akitendewa vibaya atamweleza nani? Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria inayotaka kila jimbo liwe na njia iliyo wazi ya kupokea taarifa za unyanyasaji wa kingono. Kuuliza njia hiyo ni ipi si kulikosea Kanisa heshima. Na kama hajatimiza miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto. Huyo hapelekwi bila ninyi kujua kila kitu.

Mwisho, nauli ya kurudi iko wapi? Iwe mkononi mwake, si kwa mtu mwingine. Kijana asiye na nauli ya kurudi hana uhuru wa kusema imetosha.

Yapo pia maswali ya kumwuliza mwenyewe, tena kwa upole. Anakwenda kutumikia, au anakimbia matokeo mabaya na kukosa ajira? Angekwenda hata kama hakuna wa kumpiga picha? Njia nzuri ya kupima ni kuanzia nyumbani. Kwa miezi mitatu atembelee wagonjwa na Wawata, asaidie Karitasi ya parokia, amchotee maji bibi wa nyumba ya pili. Anayeona uvivu hapo, hata huko mbali ataona uvivu.

Zungumzeni fedha mbele ya wote. Kama mwaka mmoja mnauweza na miwili hamuiwezi, semeni hivyo. Kama ada ya mdogo wake inamtegemea yeye mwaka huu, kusubiri si dhambi. Na mkimruhusu, ajue kwamba nanyi mmetoa: mwaka mzima wa mkono uliotegemewa nyumbani ni sadaka yenu katika misioni hiyo.

Kwa hiyo akikuambia leo, usiseme ndiyo wala hapana. Mpe maswali haya aende akayatafutie majibu kwa paroko na kwa wanaomwalika. Aliyevutwa na nyimbo za kongamano ataacha yapite kabla mwezi haujaisha. Mwenye nia atarudi na barua mkononi, na hapo mtakaa naye mezani mkiwa na jambo la kuzungumza.