Sio Malaria, Shemeji

Mwezi huu naomba tuongee kitu ambacho wengi wetu wenye miaka thelathini na kidogo tunadhani hakituhusu. Nami nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipokwenda nyumbani likizo.

Nyumbani ni Manyamanyama, pale Bunda mjini, mkoani Mara. Dada yangu mkubwa anaishi huko na mumewe. Ana miaka 45, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, mtu wa vicheko tangu namjua. Safari hii nilimkuta kabadilika. Usiku anaamka kalowa jasho chapachapa, anafungua dirisha, mbu wanaingia, shemeji ananung'unika. Siku zake, ambazo zamani ungeweza kuzipangia kalenda, sasa zinakuja baada ya wiki mbili, halafu zinapotea miezi miwili, na zikirudi ni mafuriko. Anasahau majina ya wanafunzi wake. Akiudhiwa kidogo anafoka, baadaye anajifungia chumbani kulia.

"Hiyo ni malaria sugu," shemeji aliniambia, kwa uhakika wa mtu aliyekwishafunga kesi. Na kweli, ndani ya mwaka mmoja dada alikuwa ameshameza dozi tatu za mseto. Moja tu ndiyo iliyotanguliwa na kipimo, na kipimo chenyewe kilisema hana malaria! Zahanati moja ikaongeza taifodi, duka la dawa likamalizia na UTI. Hakuna aliyemuuliza hedhi yake inakwendaje.

Siwacheki. Kanda ya Ziwa malaria ipo na inaua, na kila mtoto wa kwetu anakua akijua kwamba jasho na uchovu ni malaria hiyo. Lakini malaria inapimwa. Tone moja la damu ya kidoleni, robo saa au dakika 20, jibu unalo. Kikisema hakuna leo, kikasema hakuna tena wiki ijayo, basi dozi ya nne ya nini?

Jirani yetu mmoja, mkunga mstaafu, ndiye aliyetukalisha chini mimi na dada akatueleza. Nakupa kama alivyotupa, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, kama milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo yamebaki laki tatu hadi nne hivi. Yanayokomaa na kutoka katika maisha yake yote ni kama 400 au 500 tu, mengine yanakufa yenyewe kimya kimya. Akifika miaka arobaini na kitu akiba imepungua sana, na mazungumzo kati ya ubongo na ovari yanaanza kukwaruza. Ubongo unatuma homoni ya kuyaamsha mayai. Mwezi huu ovari inaitikia kwa nguvu kupita kiasi, mwezi ujao haiitikii kabisa.

Hapa ndipo mimi nilipokuwa nakosea. Nilidhani homoni zinapungua taratibu, kama mafuta ya taa kwenye kandili. Wapi! Estrojeni inapanda na kushuka ovyo kama umeme wa siku za mgawo, na kuna miezi inakuwa juu kuliko ilivyokuwa ujanani. Inayopungua mapema ni mwenzake, projesteroni, kwa sababu yenyewe inatengenezwa kwa wingi baada ya yai kutoka, na miezi mingine yai halitoki. Sasa estrojeni kazi yake mojawapo ni kunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na projesteroni ndiyo inayoutuliza. Mtulizaji akikosekana, ukuta unanenepa tu, na siku ukimwagika unamwagika kweli. Ndiyo yale mafuriko ya dada yangu.

Na jasho? Ubongo una sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu inadhani mwili unaungua, mishipa ya ngozini inafunguka, mtu anawaka usoni na kifuani, jasho linamtoka, halafu anabaki anatetemeka kwa baridi. Ukilisikia kwa mbali, we mwenyewe ungesema malaria. Ongeza kwamba mtu huyo anakatishwa usingizi mara tatu nne kila usiku, kwa miezi. Nani asingesahau majina ya watoto arobaini na kitu wa darasa la tatu?

Madaktari wanakiita kipindi hiki perimenopozi, yaani miaka ya kuelekea kukoma hedhi. Kukoma kwenyewe kunahesabiwa pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila hedhi, na kwa wanawake wengi kunatokea kati ya miaka 45 na 55. Mtikisiko unatangulia kwa miaka kadhaa, na kwa wengine unaanza mwishoni mwa thelathini. Rudia kusoma hapo, wewe wa miaka 37. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia wanawake kwa miaka mingi na kuona kwamba joto na jasho hilo lilidumu kwa miaka 7 na kitu kwa mwanamke wa katikati, na kwa Wamarekani weusi zaidi ya 10. Sio ya wiki mbili.

Nikamfuata shemeji barazani. Nikamwambia, "Shemeji, hii sio malaria." Akanisikiliza mpaka mwisho, akitazama miguu yake. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Mimi nilidhani hanitaki tena. Kila nikimsogelea ananigeuzia mgongo. Nikajua kapata mtu huko shuleni." Na dada, upande wake, alikuwa ameshanisimulia jikoni kwamba tendo la ndoa siku hizi linamuuma, anaona aibu kusema, na mwenzake ameanza kutania habari za kuleta "msaidizi". Watu wawili wamelala kitanda kimoja miaka 20, kila mmoja na kesi yake kichwani, na kumbe shahidi ni homoni. Estrojeni ikishuka uke unakuwa mkavu na ngozi yake nyembamba. Maumivu hayo ni ya mwili, na vilainishi vya maji vinavyouzwa famasi vinasaidia, pamoja na kutokuwa na haraka.

"Sasa mbona hamkuniambia?" shemeji akauliza. Swali la haki. Lakini sisi nani angetuambia? Mama yetu aliyapitia haya haya, akayamalizia jikoni bila neno. Ajabu ni kwamba mkoa wetu una desturi kwa mwanamke ambaye uzazi umempita: kwa Wakurya, mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari ya ng'ombe akaoa binti, ndoa ya nyumba ntobhu, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ya kabla na ya baada yana majina. Ile miaka ya katikati, mwili unapokuwa vitani, hatukuachiwa hata neno.

Na kwa wale wenye fikra za shemeji wangu za zamani, kwamba mwanamke akikoma hedhi "amekwisha", waende Ziwa Eyasi. Watafiti waliokaa na Wahadzabe waliwaona akina bibi wakichimba mizizi kwa bidii kuliko wasichana na kulisha wajukuu, na katika miaka ya 1990 wakajenga hoja kwamba binadamu anaishi muda mrefu baada ya uzazi kwa sababu ya kazi hiyo ya bibi.

Turudi kwenye ya kufanya, maana najua mtanipigia simu. Ukiwa na zaidi ya 45 na dalili zinaeleweka, usitupe hela kwenye vipimo vya homoni. Zinabadilika wiki hadi wiki, kipimo cha leo hakisemi ya kesho. Chini ya 40 ni habari nyingine, hapo daktari lazima achunguze. Damu ikiwa nyingi, pima wingi wa damu na mwangalie kama kuna uvimbe kwenye kizazi. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, kapime kifua kikuu, usijidanganye na homoni. Damu ikitoka baada ya tendo, au ikirudi baada ya ile miezi 12 kupita, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake nchini kwetu kuliko saratani nyingine, na uchunguzi wake wa awali wa kupaka siki ni wa dakika chache.

Halafu, jamani, mimba bado inaingia! Hedhi kuruka haina maana kiwanda kimefungwa. Ushauri wa kitaalamu ni kuendelea na uzazi wa mpango mpaka mwaka mzima upite bila hedhi kama una zaidi ya 50, na miaka miwili kama hujafika 50. Wenye sindano au vijiti hesabu hiyo haiwafai, kwa sababu njia zenyewe zinaweza kusimamisha hedhi.

Dawa za homoni zipo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kwa sababu ya hatari ya saratani ya matiti na kiharusi, dunia nzima ikaziogopa. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wa wanawake wale walikuwa na umri mkubwa, wastani miaka 63, na kwamba kwa aliye chini ya 60 mwenye dalili kali faida mara nyingi inazidi hatari. Sio za kila mtu, na za kwako uamue na daktari wa wanawake. Wale wa sokoni wanaouza unga wa "kusafisha kizazi" waachie unga wao.

Dada alipimwa. Damu ilikuwa imepungua, akaanzishiwa vidonge vya madini chuma; uvimbe hakuna. Shemeji amepigilia wavu dirishani ili likae wazi usiku. Juzi kanipigia simu, sauti ya chini kama mtu anayejificha. "Shem, hii kitu inakwisha lini?" Nikamwambia ukweli, kwamba inaweza kuwa miaka. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza huku Dar feni ya kuchaji inauzwaje.