Pembea ya Uani Si ya Watoto Wadogo Pekee



Idi ikifika sote tunajua watoto watataka kupelekwa wapi: Mnazi Mmoja, na wakishafika Mnazi Mmoja, pembea. Mtoto anasubiri zamu na nguo yake mpya, analipiwa, anasukumwa mara chache, anaambiwa ashuke. Sikukuu ikimalizika, pembea nayo imekwisha mpaka Mfunguo Tatu. Katikati hapo tunawapa simu, kisha tunalalamika kuwa hawatoki ndani.

Mwaka huu sisi wanawake wanne wa nyumba moja tumefunga pembea yetu uani, na tunaona kila nyumba yenye mti wa kufaa ingefanya hivyo.

Mti kwanza. Mwembe mkubwa unafaa, au mkwaju, kwenye tawi bichi lisilo na ufa na nene kuliko paja la mtu mzima. Mkarafuu hapana, hata uwe mkubwa vipi. Matawi yake hukatika ghafla, waulizeni wachumaji. Wala msifunge chini ya mnazi. Nazi ikidondoka haichagui kichwa.

Kiti chetu ni ubao wa mninga wa futi mbili, upana inchi nane, unene inchi mbili. Fundi aliupiga randa, akatoboa kwa keekee matundu manne, mawili kila upande, kisha tukaupiga msasa wenyewe mpaka hata buibui likipita halinasi. Kamba inapita chini ya ubao, ili ubao ukipasuka kamba iendelee kumbeba aliyekaa.

Kwenye kamba ndipo tulipokosea. Mara ya kwanza tulichukua kamba ya kuanikia nguo, tukaikunja mara mbili, tukasema Mungu atawalinda. Siku ya tatu ilikatika, mtoto akaanguka kwa mgongo. Alhamdulillahi, ilikuwa michubuko tu. Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Mtume (SAW) aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, akamwambia amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Sisi tulitegemea bila kufunga.

Sasa tumeweka kamba ya nailoni ya wavuvi, nene kama kidole gumba. Wapo waliotushauri kamba ya makumbi, ile wanayosokota akina mama wa pwani baada ya kuyafukia makumbi mchangani kwa miezi na kuyaponda. Tungependa sana pesa hizo ziende kwao, lakini kwa unene uleule haina nguvu za nailoni, na hapa anayening'inia ni mtoto. Nailoni nayo ina ila yake: inateleza, kwa hiyo fundo lifungwe na mtu anayejua mafundo. Wetu alikuwa baharia mstaafu wa mtaani. Juu ya tawi tumezungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kamba isisagike, na kila Ijumaa asubuhi tunaikagua.

Pembea ikawa salama, ndipo likaja neno. Jirani yetu, mtu mzima tunayemheshimu sana, alimkuta binti yetu wa miaka 12 juu ya pembea akamwambia, "Shuka mwanangu, wewe si mtoto tena." Akashuka. Wiki nzima hakupanda.

Hatukumjibu bibi pale pale, si adabu. Lakini hatukubaliani naye. Kaka wa rika lake anajirusha baharini Forodhani mpaka magharibi inakaribia, na hakuna anayemwambia yeye si mtoto tena. Huyu binti anatoka skuli, anakwenda chuoni, anarudi kuosha vyombo na kumbeba mdogo wake. Akimaliza, akae tu? Nyumba zetu zilijengewa uwa ili mwanamke apate pahala pa kuvua mtandio na kupumua. Ikiwa hata hapo mchezo ni aibu, basi atacheza wapi? Stara ipo: ukuta upo, na suruali chini ya gauni ipo. Bibi Aisha (RA) alishindana mbio na Mtume (SAW) mwenyewe, tena mara ya kwanza akamshinda, naye ni mke wa mtu.

Binti hatukumrudisha sisi. Jioni moja baada ya alasiri mama yetu, ambaye magoti yanamsumbua na wajukuu anao, alitoka jikoni akakaa kwenye ubao akasema, "Nisukumeni, lakini polepole." Tukacheka mpaka machozi. Binti akaja kumsukuma bibi yake. Alimsukuma kwa muda, kisha akauliza zamu yake inaanza lini.

Jirani bado hajarudi. Akija tutampa chai, na ubao ukiwa wazi tutamkaribisha.